Kusema Si Kushika kwa Kichwa



Kila mwaka, wakati «hors-session» inakaribia, usiku katika nyumba nyingi za hapa Kolwezi tunasikia sauti za watoto wanaosoma kwa nguvu. Ni bafinaliste, wale wa kalasi ya mwisho ya sekondari. Mbele ya siku 4 za Exetat yenyewe, wanapaswa kwanza kuandika disertasyo na kupita ekzamen ya Kifaransa ya kusema. Kijana anaingia, anaketi mbele ya mwalimu asiyemjua, anasoma maandiko, anajibu maulizo. Kisha anatoka, mwingine anaingia. Kwa dakika chache kinywa chake kimekwisha kupimwa.

Binti yangu ni mmoja wao mwaka huu. Ana miaka 17. Juma lililopita nilimkuta mezani, taa ya simu mkononi juu umeme ulikuwa umekatika, anarudilia majibu aliyoandika katika kaye. Kifaransa chake kilikuwa kinatoka bila kusimama. Nilifurahi. Kisha nikamuuliza: «Mama, haya maandiko yanasema nini?» Akanyamaza. Nikarudilia ulizo kwa Kifaransa. Akaanza tena lile jibu la kaye, tangu mwanzo. Nikamwambia: «Apana, weka kaye. Unielezee tu.» Akacheka, akasema: «Papa, banatuambiaka tushike kwa kichwa. Kueleza habatuulizaka.»

Neno hilo halikunitoka. Mimi si mwalimu. Nilimaliza sekondari, nikaingia ku kazi, na sasa ni miaka mingi niko katika mambo ya sendika ya wafanyakazi wa mine. Lakini nimeona kwa macho yangu pale kutojua kueleza kunampeleka mtu, na pale kutojua kupima kunatupeleka sisi wote. Ruhusuni niwaelezee.

Ni miaka michache sasa. Nilikuwa delegue katika kampuni moja, jina lake naliacha. Ilikuwa kazi ya usiku ndani ya kariere. Kijana mmoja wa miaka 19, ametoka tu kupata diplome, alikuwa amewekwa juu ku ukingo kuangalia udongo na kuongoza makamyo kwa taa. Sheria ya radio pale ilikuwa moja: Kifaransa tu, kwa sababu wakubwa wa zamu walitoka inchi mbalimbali.

Usiku wa manane yule kijana aliona mupasuko katika udongo, juu kabisa ya pahali mashini ya kuchimba ilikuwa inafanya kazi. Akabonyeza radio: «Chef, il y a un problème.» Shefu akauliza: «Quel problème?» Kijana akajibu: «La terre... la terre n'est pas bonne.» Mvua ilikuwa imenyesha ile jioni, na shefu akafikiri anasema juu ya matope. Akamwambia aendelee na kazi.

Mwendeshaji wa ile mashini alikuwa papa mmoja mzee, mtu wa Gécamines ya zamani. Alisikia yote katika radio yake. Akavunja sheria, akauliza kwa Kiswahili: «Kijana, unaona nini? Sema pole pole.» Yule kijana akasema. Akasema mupasuko ni mrefu namna gani, unaanzia wapi na unaishia wapi, ni hatua ngapi toka ukingo. Akasema mwanzo wa zamu haukukuwa. Akasema mawe madogo yameanza kuteremka, tena upande wa mashini. Katika nusu dakika alitoa habari yote ambayo enjenyere angeitafuta. Papa akarudisha mashini nyuma, akaomba makamyo yasimame. Mbele jua litoke, ule ukingo ulianguka. Hakuna mtu aliyekufa.

Sasa sikieni kilichofuata. Rapora ya kampuni iliandika kwamba kijana hajui kueleza hatari, na kwamba anafaa kutolewa pale. Mimi niliketi katika kile chumba. Niliomba karatasi zake: Exetat, asilimia 58. Nikamwita kando, nikamuuliza juu ya Kifaransa cha kusema. Akaniambia kwamba alipata pointi nzuri, kwa maana waliangukia jambo alilokuwa ameshika kwa kichwa.

Basi, ekzamen ilisema huyu kijana anajua kusema. Kampuni ilisema hajui. Aliyempima vizuri ni papa wa mashini, mtu ambaye hakuwa na karatasi ya pointi mkononi. Alimuuliza juu ya jambo ambalo kijana mwenyewe aliliona, katika lugha anayoisikia, na akamngojea amalize.

Kijana alibaki ku kazi. Tulibishana siku mbili. Tulipata pia kwamba neno la hatari liruhusiwe katika radio kwa Kiswahili, na kwamba maneno ya lazima yaandikwe kwa lugha zote mbili pale watu wanapokusanyika mbele ya zamu: mupasuko, kuanguka, simamisha, toka, moto, mtu ameumia. Ni kitu kidogo. Lakini tangu ile siku nafikiri sana juu ya ulizo moja: katika masomo yetu, tunapima nini wakati tunasema kijana «anajua kusema» ao «hajui kusema»?

Katiba ya 2006 iliweka Kifaransa kuwa lugha ya Leta, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya masomo ya 2014 inakubali lugha za taifa zitumiwe kufundishia katika miaka ya kwanza ya primere. Kisha kila kitu kinakuwa Kifaransa. Kijana wa Manika ao wa Dilala anaishi kwa Kiswahili: nyumbani, ku soko, ku kanisa, ku mupira. Anagombana kwa Kiswahili na anaomba musamaha kwa Kiswahili. Lakini katika shule nyingi anafika mwisho wa miaka 12 bila mtu hata mmoja kumpima kama anaweza kueleza jambo katika lugha ile. Na kwa Kifaransa anapimwa mara moja, kwa haraka, siku ya woga.

Wakati kijana ananyamaza mbele ya mkubwa, sisi tunasema haraka: «Huyu hana kitu kichwani.» Katika kazi yangu nimesikiliza vijana wengi, wale wanaokuja kulalamika na wale wanaoogopa kulalamika. Nimejifunza kwamba kunyamaza kuko namna nyingi.

Kuko kijana mwenye mawazo yote kichwani, lakini maneno ya Kifaransa yanamkosea. Huyo mnamjua upesi: mumuulize ulizo lile lile kwa Kiswahili, atasema. Anahitaji Kifaransa zaidi, basi.

Kuko kijana ambaye hata kwa Kiswahili hawezi kupanga habari. Anaanza mwisho, anarudi mwanzo, anasema «yule» na «kile» bila kusema ni nani wala ni nini. Unamsikiliza dakika tano na hujui kilichotokea. Huyo si mjinga. Hakuna mtu aliyemfundisha kueleza. Kumwongezea maneno ya Kifaransa hakutamsaidia kama hajajifunza kwanza kupanga jambo katika lugha yake.

Kuko kijana anayenyamaza kwa heshima. Sisi wenyewe tumemlea hivyo: usimtazame mkubwa machoni, usijibu mingi, ngoja uulizwe. Kwa mabinti ni zaidi. Halafu siku moja tunamweka mbele ya mwalimu mgeni na tunataka aseme sawa wakili. Akiinamisha kichwa, anapoteza pointi kwa adabu ambayo nyumbani tunamsifia.

Na kuko kijana mwenye shida ya mwili. Mwingine hasikii vizuri kwa sikio moja, na anaketi nyuma ya kalasi tangu primere. Mwingine ana kigugumizi. Kigugumizi si upungufu wa akili. Mwenye kigugumizi anajua neno, ni kulitoa ndiko kunakomtesa. Anahitaji muda, na kama inawezekana, munganga. Kumwandikia sifuri ni sawa kumpima kilema kwa mbio.

Mnaona? Hawa vijana wako na shida tofauti, na dawa zao ni tofauti. Lakini karatasi ya ekzamen inawapa wote pointi ile ile, na ndani ya ile pointi hakuna mtu anayeweza kusoma nani ni nani. Mwalimu wa mwaka unaofuata, ao shefu wa kazi, anapokea namba tu.

Wengine wataniambia: «Delegue, wewe unataka kutuondolea Kifaransa.» Hapana. Kontra ya kazi inaandikwa kwa Kifaransa. Karatasi ya mushahara ni Kifaransa. Kode ya kazi ya 2002 ni Kifaransa. Nimeona wafanyakazi kutia saini ku kitu wasichokisoma, nikaona namna walilia nyuma yake. Binti yangu atajifunza Kifaransa, na nitamlipia kaye mpaka mwisho. Ninachosema ni hiki: Kifaransa kilichoshikwa kwa kichwa hakimsaidii mtu siku udongo unapasuka. Kile kinachosaidia ni kuweza kueleza, na kueleza mtoto anakujifunza kwanza katika lugha anayoishi ndani yake. Akiisha kuweza pale, tunamvusha ngambo kwa Kifaransa.

Wengine nao wanasema: «Kiswahili chetu cha Katanga si kizuri, utampima mtoto na lugha gani? Ya vitabu ao ya barabara?» Ulizo ni la haki. Mtoto wetu anasema «batu», kitabu kinaandika «watu». Anasema «njo vile», kitabu kinasema «ndivyo hivyo». Ni vema ajifunze ile ya vitabu pia. Lakini kama ninapima namna anavyoeleza, sitamtolea pointi kwa «batu». Nitaangalia kama nimeelewa nani alifanya nini, wapi, wakati gani, na kwa nini. Hayo ni mambo mawili, tusiyachanganye katika namba moja.

Tena tusidharau Kiswahili hiki. Wakati Union Minière iliundwa katika 1906, na kisha ikaleta watu ku kazi toka Kasai, toka Rwanda na Burundi, toka upande wa Zambia ya leo, bankambo wetu hawakukuwa na lugha moja. Ni kwa Kiswahili ndipo walifundishana kazi, waliambiana hatari, walisikilizana ndani ya makambi. Na sisi wa sendika hatusahau Desemba 1941 pale Élisabethville, Lubumbashi ya leo: wafanyakazi waligoma, na karani mmoja, Léonard Mpoyi, alisimama mbele ya gavana kusema kwa ajili ya wenzake. Tarehe 9 alipigwa risasi ku kiwanja cha mupira, yeye na wengine wengi. Wazee wetu walijua kwamba mtu anayeweza kusema mambo ya wengine wazi wazi ni mtu wa maana. Ni juu ya hiyo waliomwogopa walimuua.

Sasa tufanye nini? Sitaki kulalamika tu. Nitoe mawazo yangu, walimu watanisahihisha.

Kwanza, tubadilishe kitu tunachouliza. Kuliko kumwambia kijana arudilie jibu la kaye, tumpe mambo matatu ya kufanya. Moja, aeleze jambo alilolioana mwenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho, kwa mtu ambaye hakukuwa pale. Pili, aeleze namna kitu kinafanyika, kusudi mwenzake aweze kukifanya: kupika bukari, kutengeneza gurudumu la kinga, kufunga waya wa taa. Tena mwenzake akifanye kweli, tuone kama maelezo yalitosha. Tatu, tumpe agizo lenye kasoro, lisiloeleweka, na tuangalie kama atauliza. Hili la tatu ni kubwa kuliko yote. Ku kazi, vijana wanaoumia si wale wanaouliza sana. Ni wale wanaosema «ndiyo shefu» bila kusikia. Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini masomo yetu bado hayampi mtoto hata pointi moja kwa kuuliza.

Pili, mambo hayo matatu yafanywe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na pointi ziandikwe mbali mbali. Kijana akipata vizuri kwa Kiswahili na vibaya kwa Kifaransa, tunajua ni kwa nini. Akipata vibaya kwa zote mbili, tunajua pia, na tunamwangalia masikio yake na kigugumizi chake mbele ya kumhukumu.

Tatu, tusingoje siku ya mwisho. Najua walimu watanijibu: «Kalasi iko na watoto 60, tutawasikiliza saa ngapi?» Ni kweli. Saa ya somo ni dakika 50. Ukigawa kwa watoto 60, kila mmoja hafikishi hata dakika moja. Lakini hesabu iko na njia nyingine. Vijana waelezane watatu watatu wakati wa somo, na mwalimu asikilize kwa makini vijana 5 tu kwa juma. Katika majuma 12 amewasikia wote 60. Katika mwaka wa masomo atamsikia kila mmoja mara mbili, na majuma yatabaki. Kijana aliyesikiwa mara mbili na mwalimu anayemjua amepimwa vizuri kuliko yule aliyetetemeka mara moja mbele ya mgeni.

Ine, ekzamen ya kusema iache alama. Maandishi yanabaki: mtu akilalamika, karatasi inaweza kufunguliwa tena. Maneno ya kinywa yanapotea, na namba pekee ndiyo inabaki. Kitu kisichoacha alama ni rahisi kukiuza na ni rahisi kukinunua. Simsemi mwalimu fulani wala shule fulani. Nasema mlango uko wazi, na mlango wazi unamjaribu hata mtu muzuri. Wawe wasikilizaji wawili, kila mmoja aandike pointi zake bila kumwangalia mwenzake, na sauti ishikwe kwa simu. Simu tuko nazo zote.

Tano, ni neno kwa sisi wa mine. Kampuni zinapowaandika vijana kazi, nyingi zinawaketisha mbele ya mtu wa biro kwa maulizo ya Kifaransa: jina, masomo, «kwa nini unataka kazi hii?». Kijana anajibu maneno yale yale aliyofundishwa na mwenzake inje ya mlango. Mumupeleke ku kariere, mumuonyeshe kitu kisicho sawa, mumuambie: «Elezea shefu.» Kode ya kazi inadai kuwe komite ya usalama na usafi pa kazi. Delegue walio ndani ya komite hizo waombe kipimo hicho kiwe sehemu ya kumwingiza kijana ku kazi, na kifanywe katika lugha ambayo ekipe inasema kweli usiku. Akishindwa, asifukuzwe. Afundishwe.

Walimu, najua mushahara wenu na najua namna kalasi zilivyojaa tangu primere ilifanywa ya bure katika 2019. Sisi wa sendika hatuwezi kuwaongezea kazi na kunyamaza juu ya malipo. Tukiomba kipimo kizuri, tuombe pamoja na ninyi watoto wachache katika kalasi na mushahara unaofika kwa wakati. Ni pigano moja.

Lakini wazazi, hatuhitaji kungoja Kinshasa. Tangu ile jioni, ku nyumba yangu tuna zoea jipya. Kila jioni, mbele ya chakula, binti yangu na mdogo wake wananieleza jambo moja waliloliona muchana, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Mimi kazi yangu ni kuuliza: «Nani? Wapi? Kisha nini? Ulijuaje?» Na kungoja. Kungoja ndiko kunakonishinda zaidi, juu nimezoea kusema mimi.

Kifaransa cha binti yangu sasa si chepesi sawa kile cha kaye. Anasimama katikati, anatafuta neno, anarudi nyuma. Jana alinieleza kwa Kifaransa kwa nini maji yalikatika ku avenyu yetu, ni wapi muferezi ulipasuka na ni nani alikuja kuutengeneza. Alifanya makosa manne ao matano. Lakini nilielewa kila kitu, na hakuna neno hata moja alilolishika kwa kichwa. Sijui mwenye kumpima atampa pointi ngapi. Mimi baba yake, kama ningekuwa chini ndani ya kariere usiku, ningetaka yeye ndiye awe juu ku ukingo na radio mkononi.